Maswali ya Wasomaji: Visawe, Vinyume na Ujirani wa Maneno ya Kiingereza

Barua tano nilizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni jinsi maneno ya Kiingereza yanavyohusiana kimaana. Nimezijibu kwa kirefu kidogo kuliko kawaida kwa sababu naamini kwamba wengi wetu tulijifunza msamiati wa lugha hii kwa njia isiyotufaa: neno la Kiingereza upande wa kushoto wa daftari, neno la Kiswahili upande wa kulia, na mstari katikati. Daftari la namna hiyo linamwonyesha mwanafunzi neno moja moja kana kwamba kila neno linaishi peke yake, ilhali maana ya neno huwekewa mipaka na majirani zake, yaani maneno yanayokaribiana nalo, yanayopingana nalo, yaliyo chini yake na yanayopenda kuandamana nalo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Katika insha yangu ya Kiingereza niliandika hivi: "The driver turned the key but the engine did not begin." Mwalimu alilikata neno "begin" kwa wino mwekundu na kuandika "start" juu yake. Kamusi yangu inasema kwamba maneno yote mawili yana maana ya kuanza. Ikiwa maana ni moja, kwa nini neno moja likubaliwe na jingine likataliwe?

JIBU: Mwalimu wako amesahihisha vyema, na kamusi yako haikukudanganya. Tatizo limo katika namna tunavyolielewa neno "kisawe". Neno "start" lina fahiwa kadhaa, yaani maana mahususi ambazo neno moja hubeba. Fahiwa mojawapo ni ya jambo kuanza, kama vile somo, mvua au mkutano, na katika fahiwa hiyo "begin" linaweza kuchukua nafasi yake bila taabu: unaweza kusema "the lesson started" au "the lesson began". Fahiwa nyingine ya "start" ni ya mashine kuwaka na kufanya kazi, na huko "begin" haliingii kabisa. Kwa hiyo usisawe haushiki neno zima kwa neno zima. Hushika fahiwa moja ya neno hili na fahiwa moja ya neno lile, kisha maneno hayo hutengana na kila moja hushika njia yake.

Laiti ungeitafakari sentensi yako kwa Kiswahili, ungeiona hitilafu hiyo mapema, kwa maana hata sisi hatusemi kwamba injini imeanza, tunasema imewaka. Nasi pia tuna visawe vinavyoachana njiani. "Fika" na "wasili" huhesabiwa kuwa visawe, na mgeni aliyefika ndiye mgeni aliyewasili. Hata hivyo, maji yakipanda hadi magotini tunasema yamefika magotini, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema kwamba yamewasili magotini. Unalijua jambo hilo bila kufundishwa, na ujuzi wa aina hiyo ndio unaoutafuta katika Kiingereza.

Ni haki uulize pia kwa nini Kiingereza kina visawe vingi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia. Mwaka 1066 Wanomani kutoka Ufaransa ya kaskazini waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kikawa lugha ya kanisa na wasomi, na Kiingereza kikabaki lugha ya watu wa kawaida. Lugha hizo zilipochanganyika, dhana moja ilijikuta na majina mawili au matatu. Kitenzi "ask" ni cha Kiingereza cha asili, "question" kimepitia Kifaransa, na "interrogate" kimetoka katika Kilatini. Vyote vitatu vinahusu kuuliza, lakini havina uzito sawa: mtoto humwuliza mama yake kwa "ask", wakili humhoji shahidi kwa "question", na polisi humbana mtuhumiwa kwa "interrogate". Mwanafunzi anayeandika "I interrogated my mother about the time" amemgeuza mama yake kuwa mshukiwa.

Lugha haipendi kubeba maneno mawili yanayofanya kazi ileile kabisa. Yakikutana, ama moja hufa, ama hugawana kazi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa neno "deer". Zamani, katika Kiingereza cha Kale, neno hilo lilikuwa na maana ya mnyama yeyote. Kisha likaja "beast" kutoka Kifaransa, na baadaye "animal" lenye asili ya Kilatini. Maneno hayo mawili yalilisukuma "deer" pembeni hatua kwa hatua, hata likabakiwa na jamii moja tu ya wanyama wa porini, wale ambao wengi wa madume yao huota pembe zenye matawi. Hakuna aliyeketi akaamua hivyo. Maana ilipungua kwa sababu majirani waliongezeka.

Ndiyo maana nakushauri uitumie kwa uangalifu ile orodha ya visawe ambayo wanafunzi wengi huitegemea. Daktari Peter Mark Roget alipochapisha orodha yake maarufu huko London mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa kufuata mawazo, chini ya vichwa 1,000, na hakuyatolea fasili. Kitabu cha aina hiyo humsaidia mtu anayelijua neno tayari ila limemponyoka ulimini. Anayekutana nalo kwa mara ya kwanza hapaswi kulichukua hapo na kulipachika katika insha, bali alifuate kwanza katika kamusi yenye sentensi za mfano, aone linatembea na maneno gani. Kosa kubwa huitwa "a big mistake", na "a large mistake" husikika vibaya sikioni mwa mwenye lugha, ingawa "big" na "large" ni visawe katika kila orodha. Vivyo hivyo, mvua kubwa ni "heavy rain" lakini upepo mkali ni "strong wind". Hakuna kanuni itakayokuonyesha hilo isipokuwa kusoma sana.

SWALI: Shuleni tuliambiwa kwamba kinyume cha neno ni neno lenye maana iliyo mbali nalo kabisa. Mwenzangu anadai kwamba "hot" na "cold", "dead" na "alive", na "buy" na "sell" ni vinyume vya aina tofauti. Je, anasema kweli?

JIBU: Anasema kweli, na nitaanza kwa kuisahihisha ile fasili mliyopewa, kwa kuwa inapotosha. Vinyume havikai mbalimbali. "Hot" na "cold" ni majirani wa karibu mno: yote mawili ni vivumishi, yote yanazungumzia joto, na yanatofautiana katika jambo moja tu, yaani upande wa kipimo ambapo kila moja limesimama. Neno lililo mbali kabisa na "hot" huenda likawa "grammar" au "Tuesday", na hakuna anayeyaita hayo vinyume. Kinyume ni neno linalofanana na mwenzake katika kila kitu isipokuwa kimoja.

Sasa tuzitazame jozi zako. "Dead" na "alive" hugawana uwanja wote bila kuacha nafasi katikati. Ukikanusha moja umethibitisha la pili, kwa kuwa kiumbe ambacho hakijafa kiko hai. Jozi ya "hot" na "cold" haiko hivyo. Maji yasiyo "hot" si lazima yawe "cold"; yanaweza kuwa "warm" au "cool", na sisi tungeyaita ya vuguvugu. Jaribio rahisi ni kuweka "very" mbele ya neno. "Very cold" inakubalika, lakini "very dead" inagoma isipokuwa kwa utani. Tena vivumishi vya kipimo hupimwa kwa kitu vinachokisifu: "a short novel" inaweza kuwa na kurasa nyingi kuliko "a long letter", na hakuna ukinzani wowote, kwa sababu riwaya hupimwa kwa riwaya na barua hupimwa kwa barua.

Katika jozi hizo za kipimo kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Mara nyingi neno moja kati ya mawili hubeba pia maana isiyoegemea upande wowote. Mtoto mchanga wa siku tatu si mzee, lakini Mwingereza atauliza "How old is she?" na wala hatakuwa amemzeesha. Akiuliza "How young is she?" amekwisha kuamua kwamba mhusika ni mdogo, na anataka tu kujua udogo huo ni wa kiasi gani. Kiswahili nacho hufanya hivyo hivyo. Ukishika kamba iliyo fupi kabisa, bado unauliza ina urefu gani. Anayeuliza ina ufupi gani ameleta hukumu ndani ya swali.

"Buy" na "sell" ni aina ya tatu. Hapa hakuna kipimo, wala neno moja halimkanushi mwenzake. Tukio ni moja, ila linatazamwa kutoka pande mbili: palipo na mnunuzi pana muuzaji. "Parent" na "child" wako hivyo, na vilevile "above" na "below", "teacher" na "pupil". Kitabu kikiwa juu ya meza, meza iko chini ya kitabu. Sentensi mbili, hali moja.

Mwenzako ameisahau aina ya nne, nayo ni ya vitendo vinavyotengua vingine, kama "tie" na "untie" au "pack" na "unpack". Mswahili huielewa aina hii upesi, kwa kuwa lugha yetu imeipa kiambishi chake: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Ila tahadhari inahitajika, kwa maana "un-" ya Kiingereza ina kazi mbili. Katika "untie" inatengua kitendo, lakini katika "unhappy" inakanusha sifa tu, na asiye na furaha si lazima awe mtu aliyewahi kuwa nayo ikatenguliwa.

Na mkiwa katika viambishi, naomba mlikariri neno "inflammable", maana kutolielewa kunaweza kumdhuru mtu. Kwa macho linaonekana kama kinyume cha "flammable", yaani kinachoshika moto. Ukweli ni kwamba maneno hayo mawili yana maana ileile. "In-" ya hapo haikanushi. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na ndani yake "in-" ina maana ya kuingia. Pipa lililoandikwa "inflammable" liepushwe na moto. Kinachokataa kushika moto huandikwa "non-flammable". Lipo pia "invaluable", ambalo wengi hulidhania kuwa ni la kitu kisicho na thamani, ilhali ni la kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Kisicho na thamani huitwa "worthless".

SWALI: Mimi ni karani. Nilimwambia mwenzangu ofisini, "Please borrow me your pen," akacheka na kusema ninapaswa kutumia "lend". Kila nikijaribu kukumbuka, bado nachanganya. Nifanyeje?

JIBU: Usione haya, dada au kaka yangu, kwa kuwa kosa hili halikutokana na uvivu. Limetoka moja kwa moja katika Kiswahili sanifu unachokizungumza kila siku. Kitenzi chetu "azima" hutazama pande zote mbili. Tunasema "niazime kalamu yako", na hapo mwenye kalamu ndiye anayeazima; kisha tunasema "nimeazima kalamu kwa jirani", na hapo anayeazima ni mpokeaji. Kiingereza kimekata tukio hilo vipande viwili kama kilivyolikata la kununua na kuuza: "lend" ni la anayetoa, "borrow" ni la anayepokea.

Itakufaa kujua kwamba Kiswahili hakilegei hivyo kila mahali. Katika fedha tunatofautisha kwa ukali kati ya kukopa na kukopesha, na hatuyachanganyi kamwe. Basi "borrow" lifunge na "kopa", na "lend" lifunge na "kopesha", hata pale unapozungumzia kalamu, na utaona kwamba mkanganyiko unapungua. Zaidi ya hapo, kila neno ulijifunze pamoja na kihusishi chake: "borrow from" na "lend to". Kihusishi kinaonyesha kitu kinakoelekea, na ulimi ukizoea "borrow a pen from him", ile "borrow me" itaanza yenyewe kukuchoma sikio.

Ukitaka faraja, yapo mahali ambapo Kiingereza ndicho kinacholegea na Kiswahili ndicho kinachobana. Kitenzi "rent" hutumiwa na mwenye nyumba na pia na mpangaji, na msikilizaji hungoja "to" au "from" ili ajue nani ni nani. Sisi tuna "panga" na "pangisha", na hakuna anayebaki na shaka.

SWALI: Kuna tofauti gani kati ya "a kind of" na "a part of"? Naona vitabu vinazungumza kuhusu maneno yaliyo "chini" ya maneno mengine, lakini sielewi ni chini kwa namna gani.

JIBU: Kuna ngazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni ya aina, na wanaisimu huita uhusiano huo hiponimia. "Rose" liko chini ya "flower" kwa sababu kila waridi ni ua. Ngazi ya pili ni ya sehemu. "Petal" ni sehemu ya "flower", lakini petali si ua. Ukiweza kusema "kila hiki ni kile" na ukasema kweli, uko katika ngazi ya aina. Ukishindwa, huenda uko katika ngazi ya sehemu.

Ngazi ya aina ni imara: waridi jekundu ni waridi, waridi ni ua, na hakuna waridi jekundu litakaloponyoka. Ngazi ya sehemu huyumba. Mlango ni sehemu ya nyumba, na "handle", yaani mkono wa mlango, ni sehemu ya mlango, lakini "the house has a handle" ni sentensi ya ajabu. Kwa Mswahili, ngazi hii ina mitego katika mwili hasa. Neno letu "mkono" linaanzia begani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza kina "arm" na "hand". "Kidole" chetu kiko mkononi na mguuni, ilhali wao wana "finger" na "toe". Ukimweleza daktari kwa Kiingereza kwamba umeumia "hand" kumbe maumivu yako kwenye kiwiko, atatazama mahali pasipo.

Wakati mwingine neno moja hukaa ngazi mbili kwa pamoja. "Day" katika "seven days a week" limebeba mchana na usiku wake wote, lakini katika "day and night" limebaki mchana peke yake. Kiswahili kimeepuka utata huo kwa kuwa na "siku" na "mchana".

Anayetaka kuziona ngazi hizi zimechorwa kwa Kiingereza kizima aitafute hifadhidata ya WordNet, ambayo ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1985 chini ya mwanasaikolojia George A. Miller. Toleo lake la 3.0 lina zaidi ya makundi 117,000 ya visawe, na nomino zake zote, ukizifuata kwenda juu, hukutana katika neno moja, "entity".

SWALI: Nimesoma sentensi hii katika hadithi: "She was carrying a light bag." Sijui kama mkoba ulikuwa mwepesi au ulikuwa wa rangi isiyokolea. Je, "light" ni neno moja au ni maneno mawili?

JIBU: Ni maneno mawili yaliyogongana kwa umbo. "Light" la uzito na "light" la mwanga yana asili mbili tofauti, na kamusi nzuri huyaweka katika vidahizo viwili, yaani maingizo mawili ya kamusi, kila kimoja na nambari yake ndogo. Hiyo ndiyo homonimia, kama "paa" la nyumba na "paa" mnyama. Neno moja lenye maana kadhaa zinazotokana, kama "mouth" la mtu na "mouth" la mto, huwekwa katika kidahizo kimoja na maana zake zikahesabiwa ndani yake, nayo ni polisemia.

Mpaka kati ya hali hizo mbili si mnyoofu kila mahali. "Ear" la kichwani na "ear" la suke la nafaka yana asili mbalimbali, ingawa watu wengi huyadhania kuwa neno moja kwa sababu suke hujitokeza kwenye shina mithili ya sikio. "Bank" la fedha na "bank" la ukingo wa mto yanaonekana kama maneno mawili yasiyojuana, lakini wataalamu wa asili ya maneno huyarudisha kwenye mzizi mmoja wa kale sana wa jamii ya lugha za Kijerumaniki, ambayo Kiingereza ni mojawapo: moja lilipitia Kiitaliano, ambako lilikuwa benchi la wavunja fedha, na jingine lilibaki kaskazini likiwa na maana ya mwinuko wa ardhi. Historia inasema hivi, na hisia ya mzungumzaji wa leo inasema vile. Kwa mwanafunzi, naona ni afadhali kufuata hisia ya mzungumzaji.

Kwa sentensi yako, viulize vinyume. "Light" lenye kinyume "heavy" ni la uzito. "Light" lenye kinyume "dark" ni la mwanga na rangi. Jaribu kuweka "a heavy bag" kisha "a dark bag" mahali hapo, uone ni ipi inayokaa vizuri na kitenzi "carrying". Kubeba huzungumza na uzito, na mwandishi aliyekusudia rangi angeliandika "light-coloured" au angelitaja rangi yenyewe, kama "light blue". Mkoba ule ulikuwa mwepesi.